Helikopta ya Kumsemesha Mama Mkwe

"Ile hapana," Yusufu alisema, akaweka kiganja chake juu ya katoni. "Ile siwezi kukuuzishia."

"Sasa umeiweka pale juu ya nini?" Luc akauliza. "Ya kupamba duka?"

"Ya mwenye anajua kurusha. Weye umeshakarusha ngapi?"

"Hata moja."

"Basi chukua hii kadogo, urudi nyumbani na amani."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, mkoba begani, jasho mgongoni, nikimtazama mwanaume ninayempenda akibishana na mfanyabiashara mzima juu ya helikopta. Si helikopta ya kupanda watu. Ni ya télécommande, ya kuongozwa kwa mkono kutoka mbali. Kitu cha kuchezea, kama ungemuuliza mama yangu, na nilijua kabisa kwamba hata bila kuulizwa angesema.

Naitwa Noella. Luc ni agronome, anafuatilia mashamba ya mpunga kule Runingu, lakini kwao ni Lemera, milimani. Familia yake ilishuka kwetu Uvira, kando ya ziwa, kunichumbia wakati wa mvua. Walikuja na pombe, wakakaa vizuri, wakasema vizuri. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akatamka: "Nimesikia. Nitajibu." Mvua ikaisha, jua likaja, mpunga ukavunwa, na Mama hakujibu. Katikati ya hali hiyo, huyu mpenzi wangu akaamua kwamba huu ndio wakati wa kununua helikopta.

Yusufu alizifungua katoni zote mbili mezani. Ile kubwa ilikuwa nyekundu, inang'aa, hélice moja ndefu juu, kama pangaboi, na nyingine ndogo mkiani, nzuri mpaka nikatamani kuigusa. Ile ndogo ilikuwa ya njano, tumbo mbele, kama panzi aliyeshiba.

"Ona hapa," Yusufu alisema, akachezesha hélice za ile ndogo kwa kidole. "Ziko mbili, moja juu ya ingine. Hii inazungukia kuume, hii inazungukia kushoto. Zinapingana, njo maana inatulia. Ukiiachilia, inabakia palepale hewani kama iko nawaza. Ile nyekundu inataka weye uishikilie kila wakati. Ukipiga chafya, imeanguka."

"Na upepo?" nikauliza.

"Hii kadogo inaogopa upepo. Unairusha ndani ya nyumba, ao asubuhi mbele upepo haijaamka. Ile kubwa inaweza kupigana na upepo, mais mikono ya huyu bwana haiwezi."

Luc hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama nyekundu.

"Noella, weye unasema nini?"

"Kadogo."

"Juu ya nini?"

"Juu mwenye kuuzisha amesema. Umeshaonaka wapi mucuruzi anakataa kuuzisha?"

Akacheka, lakini macho yake hayakutoka pale.

"Nilikuwa mutoto," alisema polepole. "Siku moja helikopta ilishukaka Lemera, kwenye uwanja wa mpira. Nyekundu. Bantu wote wakakimbilia mu migomba. Minye nilibakia. Haikuwa ujasiri, ni miguu tu ilikataa. Ule upepo yake ukanivua kofia, ikaruka juu, hatukuionaka tena. Tangu siku ile naota ndoto niko chini yake, nanyoosha mikono. Sasa muniambie nichukue hii kadudu ya njano?"

Yusufu akaanza kuirudisha ile nyekundu kwenye katoni yake. Luc ndivyo alivyo: atakubishia mpaka umchoke, halafu atasema neno moja la moyoni na wewe utabaki huna pa kushika. Ndivyo alivyonipata hata mimi.

"Chukua," Yusufu alisema mwishowe. "Mais usije kusema sikusemaka."

Luc akatoka dukani ameikumbatia katoni kama mtoto anayepelekwa ubatizoni.

*

"Ule muntu amenunua nini?" Mama aliniuliza jioni ile ile. Uvira habari hutembea haraka kuliko mwenye habari.

"Helikopta, Mama. Ya télécommande."

"Iko na miaka ngapi, ule muntu?"

"Mama, anaitwa Luc."

"Sikukuuliza jina."

Niwaeleze jambo hapa, mnielewe. Kwetu, tangu siku familia ya mwanaume inapobisha mlango, yule mwanaume na mama wa msichana hawaonani tena uso kwa uso. Ni heshima. Mkwe hapiti alipo mama mkwe, hamgusi, hamtaji jina, na mama mkwe hatii mguu nyumbani kwa mkwe. Hata chakula cha mama mkwe hali, mpaka siku mama mwenyewe atakapomfungulia kinywa kwa kumpelekea kitu cha kula. Akimpelekea, maana yake amemkubali, hakuna tena wa kubisha.

Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Mama yangu Consolée hajaacha hata nusu. Akimwona Luc kwa mbali barabarani, anaingia kwenye mlango wowote ulio karibu. Siku moja alijificha kwenye salon ya wasichana, akakaa pale mpaka wakaanza kumsuka.

"Mama," nikajikaza, "utawajibu lini bantu ya Lemera?"

"Ndagala zimegeuzwa?"

"Mama."

"Nimekuuliza ndagala."

Mama anakausha ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye vichanja ufukweni. Nilishajua kwamba zikishatajwa hizo, mazungumzo yamekwisha. Nikaenda kuzigeuza, nikalia kidogo huko huko, maana samaki hawaulizi mtu analia nini.

*

Nilimwambia Luc aje mapema, ziwa likiwa bado limelala. Saa ile maji yanakuwa laini, milima ya Burundi ng'ambo inakuwa ya bluu, na hata sauti za wavuvi zinafika kabla yao. Lakini moto, ile pikipiki aliyoipanda kutoka Runingu, ilipasuka tairi njiani, na alipofika jua lilikuwa limeshapanda.

"Luc, maji imeanza kucheza. Upepo umeamka."

"Kidogo tu, Noella. Niione tu ikinyanyuka."

"Na bamama bale kwenye vichanja?"

"Niko mbali nabo."

Akaiweka kwenye mchanga. Hélice zikaanza kuzunguka, mchanga ukaruka, na ile nyekundu ikanyanyuka.

Nitasema ukweli. Ilikuwa nzuri. Ilipanda ikimeremeta, na Luc uso wake ukawa wa mtoto, mdomo wazi, na nikamwona yule kijana wa Lemera aliyebaki peke yake uwanjani. Nikampenda upya pale pale.

Halafu upepo wa ziwa ukaishika.

"Irudishe!"

"Haisikie! Noella, haisikie!"

Ilienda ikiyumba, ikilia, moja kwa moja kuelekea vichanja. Na ninyi mnajua miezi hii ya vita tulivyo. Kitu kikilia angani huku kwetu, watu hawaulizi ni nini, wanalala chini. Akina mama wote wakalala kwenye mchanga, mikono vichwani, Mama yangu kati yao. Helikopta ikagonga kichanja, kichanja kikaanguka, ndagala zikamwagika, hélice zikavunjika vipande.

Luc alikuwa anakimbia. Nikadhani anaikimbilia helikopta yake. Aliipita. Aliukanyaga hata mkia wake ukavunjika, wala hakugeuka. Akapiga magoti mbele ya Mama, akamshika kwa mikono yote miwili, akamwinua.

"Mama! Umeumia? Mama, ni minye, ni kitu ya kuchezea tu, unisamehe, Mama, umeumia wapi?"

Uso kwa uso. Mikono juu ya mikono. Akina mama walioanza kuinuka walipoona hivyo wakapiga yowe kubwa kuliko lile la kwanza, na mmoja akajifunika macho.

Mama akavuta kitenge chake, akakifunika kichwa kizima.

"Noella," sauti ilitoka ndani ya kitenge. "Mwambie ule muntu aniachilie."

"Luc, mwachilie."

Akaachilia.

"Mwambie aende. Na familia yake walikuwa nangoja jibu yangu. Mwambie jibu njo hii: hapana."

*

Alinipigia simu jioni. Nyuma ya sauti yake vyura wa mashamba ya mpunga walikuwa wanapiga kelele.

"Noella, nitaleta mbuzi ya kuomba masamaha."

"Haiko maneno ya mbuzi, Luc. Yusufu alikuambia. Minye nilikuambia. Ukachagua yenye kufurahisha macho."

"Nilikosa. Unasema kweli, nilikosa."

"Miezi yote niko namwomba mama aseme neno. Sasa amesema, na njo neno ile."

"Tutamwendea na bazee..."

"Sitoke kwa mama bila neno lake. Baba hayuko. Minye niko na yeye mumoja, yeye iko na minye mumoja. Unaelewa?"

"Ninaelewa."

Vyura wakaendelea.

"Noella, unanipenda bado?"

Nikakata simu. Jibu lilikuwa ndiyo, na ndiyo ile ingenimaliza nguvu.

Siku zikapita, sikumpigia. Yeye hakuomba, hakulia, hakumtuma mtu. Aliandika tu, ujumbe mfupi mfupi, kama mtu anayejisemea:

"Nimerudi kwa Yusufu. Nimechukua ile ya njano. Hakunicheka, mais niliona anataka."

Kisha: "Niko nairushia mu dépôt ya mpunga, milango imefungwa. Hakuna upepo. Inagonga ukuta, ninaiokota."

Kisha: "Leo imekaa hewani mpaka batri ikaisha. Nilitoa mikono kabisa. Ilibakia palepale, kama Yusufu alisemaka."

Kisha: "Leo nimeishusha juu ya kiti."

"Leo nimeishusha juu ya kikombe."

Sikujibu hata mmoja. Lakini nilikuwa nausoma kila ujumbe mpaka naukariri, nikifumba macho naliona lile ghala, vumbi la mpunga likielea kwenye mwanga wa dirisha, kitu kidogo cha njano kimetulia katikati, na Luc chini yake ameshika pumzi. Nilikuwa nalala nayo picha hiyo, naamka nayo. Kichwa changu chote kilihamia Runingu, mwili tu ndio ulibaki Uvira ukigeuza ndagala.

Na Mama? Mama aliokota kipande cha hélice nyekundu siku ile. Sikujua. Nikaja kumkuta anageuzia ndagala.

"Inafanya kazi muzuri," alisema alipoona namtazama. "Nyepesi."

"Ndiyo, Mama."

"Ile kitu iliharibika yote?"

"Yote."

"Na hakuiangalia."

"Unasema?"

"Ndagala za upande ule zimegeuzwa?"

*

Ujumbe ulioniamsha ni huu: "Kesho mapema, mbele upepo haijaamka, nitakuwa inje ya lupango lenu. Siingie. Nataka tu kumwomba Mama masamaha bila kumwonekania. Kama hautaki, uniambie, nitabakia Runingu."

Lupango ni ule uzio wetu wa matete, mrefu kuliko mtu. Nikaandika neno moja tu, la kwanza tangu simu ile: "Kuja."

Asubuhi Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachagua maharagi. Hewa haikutikisika hata jani. Nilikuwa nimemwonya kwamba kitu kitakuja, kidogo, cha kuchezea, asiogope. Hakusema sawa, hakusema hapana. Lakini niliona amevaa kitenge kipya.

Kikaanza mvumo, mdogo kama nyuki. Ile ya njano ikatokea juu ya lupango, ikasimama hewani. Jua lilikuwa ndiyo linatoka ng'ambo ya ziwa, na zile hélice mbili ziligeuka duara moja la mwanga. Ikakaa pale, inawaza. Halafu, mimi nikimwelekeza Luc kwa sauti ya chini, ikashuka polepole, polepole, ikatua kwenye mkeka kando ya maharagi bila kuangusha hata punje.

Mama aliinama kuitazama.

"Noella."

"Mama."

"Hii kitu iko na masikio?"

"Hapana, Mama. Mais mwenyewe iko nyuma ya lupango. Yeye iko nayo."

"Minye sisemeshe muntu mwenye iko nyuma ya lupango. Minye ninasemesha ndege."

"Sawa, Mama. Isemeshe."

Akaweka maharagi kando, akaigeukia.

"Weye ndege. Mukubwa wako mwekundu alinilalisha chini siku ile. Nilijua nimekufa. Kisha nikafungua jicho moja, nikamwona mwenye alimrusha anakuja mbio. Nikasema, anaifwata kitu yake. Akaipita. Akaikanyaga. Akakuja kunishika minye, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kupita yangu. Nikasema mu roho, huyu angekuwa mutoto wangu. Njo maana nilisema hapana."

Nyuma ya lupango nikasikia mtu anakohoa.

"Noella," sauti ya Luc ikaja, chini chini, "uambie Mama... apana, unisamehe. Useme tu ndege haijaelewa."

"Mama, ndege haijaelewa."

"Isikilize sasa." Mama alishika mguu wa ile helikopta kwa vidole viwili, kama anayemshika mtoto asikimbie. "Akikuwa mutoto wangu, ningeingia kwake. Ningeketi, ningekula. Mais atakuwa mukwe. Nyumba ya mukwe siingie. Minye niko na mutoto mumoja tu. Siku nitamupatia huyu, mulango ya mutoto wangu inanifungiwa. Na ni kule Lemera, njia ya miguu, hata moshi ya jiko yake siione. Atazaa, nitasikia na simu. Atagonjwa, nitasikia na simu. Hawa bantu ya Lemera wanafikiri niko nangoja ng'ombe zizidi. Siko nangoja ng'ombe. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ndiyo bila kumupoteza Noella. Nilitafuta, nilitafuta, sikuiona."

Nililia mbele yake bila kujificha. Miezi yote ile nilidhani anamdharau Luc. Kumbe alikuwa anampigia hesabu mtoto wake, usiku na mchana, na mimi namnunia.

"Kwa nini haukuniambiaka, Mama?"

"Ungeniambia niache mila. Na minye siwezi kuiacha. Mama yangu alinifundisha hivi, nitamwambia nini huko aliko?"

Nyuma ya lupango nikasikia Luc anasogea karibu.

"Noella," akaita. "Uambie ndege hivi. Sijengi Lemera. Nitajenga hapa chini, Runingu, pembeni ya barabara. Nyumba moja, milango mbili. Mulango moja ni ya mukwe, ingine ni ya mama. Katikati ni ukuta. Upande wa mama hautakuwa nyumba ya mukwe, utakuwa kwake, na funguo atashika yeye. Ataingia kwake, atakula kwake, atalala kwake, mwezi muzima akipenda, na hatanikuta hata siku moja. Na Noella atakuwa katikati."

"Katikati niko tangu zamani," nikasema, nikijipangusa pua.

Mama akacheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika, mpaka akaiachilia ile helikopta.

"Maneno iko maneno," alisema alipotulia. "Ndege, rudi kwa mwenyewe. Ule ukuta nitauona na macho yangu."

*

Aliujenga. Picha zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu, msingi, matofali, madirisha, na mimi namwonyesha Mama, na Mama anaitazama kila picha kwa jicho moja na kusema hajauliza kitu. Siku aliyoniambia, "Leo tutafika Runingu," alikuwa ameshafunga mkoba.

Luc aliingia kwa mlango wake kabla hatujashuka kwenye moto, asitukute. Mama akazunguka nyuma. Mlango wake ulikuwa unatazama upande wa ziwa, na ufunguo ulikuwa ndani ya kufuli, unamngoja. Akaufungua mwenyewe. Ndani palikuwa na kitanda, mkeka, mbabula ya kupikia kwa makaa, dirisha. Akagusa kitanda. Akagusa dirisha. Akaenda kwenye ukuta wa katikati, akaupiga kwa kiganja hapa na pale kama anayechagua tikitimaji.

"Muzito," akasema.

Ukuta ulikuwa umeacha nafasi juu, chini ya paa, ili hewa ipite. Na katikati palikuwa na mlango mwembamba wenye pazia. Huo ndio wangu. Nikasimama ndani yake, mguu mmoja kwa Mama, mguu mmoja kwa Luc, nikijisikia kama nimefika mahali nilipokuwa naota.

Juu ya kiti upande wa Mama kulikuwa na helikopta ya njano na télécommande yake.

"Hii imesahauliwa hapa?" Mama akauliza.

"Noella," Luc akasema kutoka upande wake, "mwambie haijasahauliwa. Ni yake."

"Minye? Minye nitarusha?"

"Mwambie Yusufu alisema njo yenye kufaa muntu mwenye hajarushaka hata moja."

Mama aliishika ile télécommande kama yai. Nikamwonyesha kidole gumba hiki kinapandisha, hiki kinageuza. Mara ya kwanza iligonga kitanda. Mara ya pili ikagonga mbabula. Mara ya tatu ikanyanyuka mpaka usawa wa uso wake, ikasimama. Mama akaondoa vidole, akaitazama inavyoning'inia hewani peke yake, na mdomo wake ukafunguka kama wa Luc siku ile ufukweni. Sikujua kwamba mama yangu pia anaweza kuwa na uso ule.

"Haianguke," akanong'ona.

"Haianguke, Mama."

Batri ilipoisha na kuchajiwa tena, Mama alifungua mkoba wake. Akatoa kifurushi kidogo cha jani la mgomba, akakifungua, akachagua ndagala moja, kavu, nzuri, nzima mpaka mkia. Akavuta uzi kwenye pindo la kitenge chake, akaifunga chini ya tumbo la helikopta.

Nikaelewa ni kinywa cha nani kinafunguliwa.

"Mama, ile..."

"Nyamaza, nisikosee. Unionyeshe njia."

Ikanyanyuka na mzigo wake, ikiyumba. Ikapanda ukuta.

"Juu kidogo, Mama. Juu. Sasa mbele. Hapana, kushoto, kushoto!"

"Kushoto yangu ao yako?"

"Yako!"

Ikasugua paa, ikakohoa, ikapita ile nafasi. Nikageuza kichwa upande wa pili. Luc alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameangalia juu, amenyoosha mikono yote miwili. Upepo mdogo wa zile hélice ulikuwa unamchezea nywele.

"Shusha, Mama. Polepole. Polepole..."

Ikamwangukia kifuani badala ya kutua. Akaikumbatia.

"Imefika?" Mama akauliza.

"Imefika, Mama."

"Mwambie akule."

Luc aliifungua ile ndagala. Uzi ukamshinda mara kadhaa. Akaitia mdomoni yote, na kichwa chake, na mkia wake, akaitafuna machozi yakimtoka bila aibu yoyote. Kule ng'ambo Mama alikuwa amekaribia ukuta, ameweka sikio.

"Amekula?"

"Amekula, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Akarudi akaketi kwenye kitanda chake, ndani ya nyumba ya mtoto wake, akakunja vizuri lile jani la mgomba.

"Bon," akasema. "Mwambie Luc baba yake alete ng'ombe."